Protini Haisemi Peke Yake: Dhidi ya Nadharia ya Swichi Iliyokwama katika Saratani ya Mapafu

Maelezo yanayotawala leo kuhusu saratani ya mapafu, kuanzia vitabu vya kiada hadi matangazo ya dawa na taarifa za afya magazetini, yanaifananisha seli ya saratani na taa ambayo swichi yake imekwama ikiwa imewashwa: jeni moja imeharibika, protini inayotokana na jeni hiyo inaiamuru seli igawanyike bila kukoma, na kazi ya tabibu ni kuitambua protini hiyo, kuizima kwa kidonge, kisha kusubiri uvimbe unywee. Maelezo haya yanaeleweka upesi, na dawa zilizotokana nayo zimewaongezea watu wengi miezi na miaka ya kuishi, jambo ambalo makala haya hayalikani. Hata hivyo yanakosea katika shina lenyewe la suala, yaani protini ya kupasha ishara ni kitu gani na inafanya kazi vipi. Kosa hilo lina gharama, kwa sababu linawafanya wagonjwa waahidiwe kisichoweza kutimia, linawashangaza watafiti kwa matokeo ambayo hayakupaswa kumshangaza mtu, na linauweka pembeni moshi katika ugonjwa ambao mzazi wake mkuu ni moshi. Ugonjwa huu uliua takriban watu milioni 1.8 duniani mwaka 2022, idadi ambayo haikufikiwa na saratani nyingine yoyote, na kwa ugonjwa wa uzito huo haitoshi kwamba maelezo ni mepesi kufundishika.

Nadharia ya swichi haikuzuka hewani, na haki inadai asili yake itajwe. Mwaka 2001 dawa ya imatinib iliidhinishwa nchini Marekani dhidi ya lukemia sugu ya mieloidi, saratani ya damu inayoendeshwa na protini moja isiyo ya kawaida, na wagonjwa waliokuwa wakihesabiwa miaka wakaanza kuishi maisha yanayokaribia ya kawaida. Mwaka uliofuata Bernard Weinstein wa Chuo Kikuu cha Columbia aliipa dhana hiyo jina la uraibu wa onkojeni, akimaanisha kwamba seli ya saratani huitegemea jeni yake iliyoharibika kiasi kwamba ikinyimwa hufa. Mwaka 2004 watafiti wa Boston na New York walieleza kwa nini gefitinib, dawa iliyokuwa ikimsaidia takriban mgonjwa mmoja kati ya kumi, ilimsaidia huyo mmoja kwa kishindo: uvimbe wake ulikuwa na hitilafu katika jeni ya EGFR. Jaribio lililofanyika Asia ya Mashariki na kuchapishwa mwaka 2009 likalithibitisha jambo hilo kwa namna isiyoacha shaka, kwani miongoni mwa waliopewa gefitinib uvimbe ulinywea kwa asilimia 71.2 ya wenye hitilafu hiyo na kwa asilimia 1.1 tu ya wasio nayo. Mwaka 2007 kundi la Hiroyuki Mano nchini Japani liligundua kwamba katika baadhi ya saratani za mapafu jeni ya ALK huwa imeunganishwa na jeni nyingine mahali isipostahili, na huu ndio ushahidi wenye nguvu kuliko wote upande wa nadharia ya swichi, kwa sababu katika jaribio la dawa ya lorlatinib asilimia 60 ya wagonjwa wa aina hiyo walikuwa bado hawajaona ugonjwa ukisonga mbele baada ya miaka 5. Mwenye kuipinga nadharia hii bila kuutaja ushahidi huo hastahili kusikilizwa.

Lakini wagonjwa wa ALK ni sehemu ndogo sana ya wagonjwa wote wa saratani ya mapafu, na kilichotokea kwao kimegeuzwa kuwa kanuni ya wote. Ili ionekane kwa nini kanuni hiyo haishiki, ni lazima ielezwe kwanza ishara ya seli ni nini.

Katika miaka ya 1950 Stanley Cohen, mwanabiokemia aliyekuwa akifanya kazi pamoja na Rita Levi-Montalcini mjini St. Louis, aliwadunga panya wachanga majimaji yaliyotokana na tezi za mate za panya wakubwa, akaona jambo ambalo hakuwa akilitafuta: vitoto hivyo vilifumbua macho vikiwa na umri wa siku 6 au 7 badala ya siku 12 hadi 14, na meno yao yakachomoza kabla ya wakati. Ndani ya majimaji hayo mlikuwa na protini ndogo iliyoziharakisha seli za ngozi ya kope kukua na kukomaa, ikaitwa EGF, nayo protini inayoipokea juu ya seli ikaja kuitwa EGFR, yaani kipokezi cha EGF. Mwaka 1986 watafiti hao wawili walipewa Tuzo ya Nobeli. Inafaa kukumbuka kwamba ujumbe huu, ambao leo hutajwa karibu kila mara pamoja na neno saratani, uliingia katika sayansi kama ujumbe wa kufumbua macho, na kwamba ulifanya hivyo kwa sababu uliwafikia walengwa fulani, wa umri fulani, mahali fulani penye seli zilizokuwa tayari kuutii.

Kipokezi chenyewe ni protini ndefu inayoupenya utando wa seli, kichwa kikiwa nje na mkia ndani. EGF ikitua kichwani, vipokezi viwili hukutana na kushikana, na mkia wa kimoja huuchochea wa mwenzake, kisha mikia hiyo huwekewa fosfeti, yaani vikundi vidogo vya atomu za fosforasi na oksijeni ambavyo huwa kama alama ya kuziita protini nyingine zije. Miongoni mwa zinazoitikia wito huo kwa mlolongo ni RAS, RAF, MEK na ERK, na hii ya mwisho huingia hadi katika kiini cha seli na kuamua ni jeni zipi zisomwe. Wakati huohuo tawi jingine, linalopitia protini ziitwazo PI3K na AKT, hupeleka ujumbe wa kuishi na kutokufa. Mpaka hapo mfano wa swichi unaonekana kufaa. Unaharibika pale inapoongezwa sehemu ambayo michoro ya vitabuni huiacha, kwamba ndani ya dakika chache kipokezi humezwa na seli ili kiharibiwe au kirudishwe juu, na kwamba ERK yenyewe hugeuka na kuwazuia waliotangulia katika mlolongo uleule ulioiamsha, hivyo kinachofika kwenye kiini huwa ni mdundo wenye urefu, nguvu na vituo vyake.

Kwamba mdundo huo ndio wenye maana kulionekana wazi katika seli ziitwazo PC12, zinazotokana na uvimbe wa tezi ya juu ya figo ya panya. Seli hizo zikipewa EGF, ERK huamka kwa muda mfupi kisha hulala, na seli hugawanyika. Zikipewa protini nyingine, ile ya kukuza neva, ERK huamka na kukaa macho kwa saa kadhaa, na seli huacha kugawanyika, hutoa nyuzi ndefu na kufanana na seli za neva. Protini ni ileile moja, lakini muda wa kuwaka kwake umetoa maagizo mawili yanayopingana. Swichi haina tabia hiyo, kwani taa iliyowashwa kwa saa tatu hutoa mwanga uleule unaotolewa na taa iliyowashwa kwa dakika tatu.

Katika mapafu yenyewe jambo hili lina ushahidi ulio mzito zaidi. Madaktari walitambua mapema kwamba hitilafu ya EGFR na ile ya KRAS, ambayo ni mojawapo ya protini za jamii ya RAS, hazikutani katika uvimbe mmoja isipokuwa kwa nadra sana. Maelezo mepesi yalikuwa kwamba moja ikishawasha njia, ya pili haina kazi ya kufanya. Mwaka 2015 maabara ya Harold Varmus iliyajaribu maelezo hayo kwa kuzilazimisha seli za saratani ya mapafu zibebe hitilafu zote mbili kwa pamoja, na seli hizo zikafa, kwa kuwa ishara ilizidi kiwango ambacho seli inaweza kukistahimili. Matokeo haya yalipaswa kuimaliza nadharia ya swichi iliyokwama, kwa sababu yanaonyesha kwamba hata seli ya saratani inaishi ndani ya kipimo chake, ikiilinda ishara isipungue na isizidi, na kwamba kinachoitwa kukwama ni mpango mpya wa kulinganisha mambo ambao seli nzima inashiriki kuutunza.

Ni katika suala la usugu, yaani dawa kuacha kufanya kazi baada ya kufanya kazi vizuri, ambapo nadharia inayotawala imejitetea sana, na kwa hiyo ndipo inapopaswa kuangaliwa kwa karibu. Karibu nusu ya uvimbe unaorudi baada ya gefitinib au dawa za aina yake huwa na hitilafu ya pili ndani ya EGFR ileile, katika nafasi ya 790 ya mnyororo wa asidi amino, ambako threonini hubadilishwa na methionini, na kipokezi kikaipendelea molekyuli ya nishati ya seli kuliko dawa. Dhidi ya hitilafu hiyo ilitengenezwa osimertinib, iliyoidhinishwa mwaka 2015, na ilipojaribiwa kama dawa ya kwanza, nusu ya wagonjwa walikaa zaidi ya miezi 18.9 bila ugonjwa kusonga mbele, kulinganishwa na miezi 10.2 ya dawa za awali. Wafuasi wa swichi husema: hiyo ndiyo njia, kwamba kufuli likibadilika unachongwa ufunguo mwingine. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama nusu nyingine ya wagonjwa isingekuwapo.

Katika sehemu ya nusu hiyo nyingine, kama ilivyoonyeshwa mwaka 2007, seli huacha EGFR ikiwa imezibwa kikamilifu na dawa, kisha huongeza nakala za jeni ya kipokezi kingine kabisa kiitwacho MET, ambacho hulishika tawi la PI3K kupitia mshirika aliyekuwa akitumiwa na EGFR. Dawa haikushindwa kuizima protini iliyolengwa, kwani protini ilizimika na ujumbe ukapita kwa mdomo mwingine. Kwa baadhi ya wagonjwa, na makadirio huwa kati ya asilimia 3 na 14, jambo la ajabu zaidi hutokea: uvimbe uliokuwa wa aina ya adenokasinoma, yaani saratani inayoanzia katika seli zenye tabia ya tezi, hurudi ukiwa saratani ya seli ndogo, ugonjwa wenye sura nyingine chini ya hadubini, mwenendo mwingine na tiba nyingine. Sampuli ikipimwa, hitilafu ya awali ya EGFR bado imo katika DNA, herufi kwa herufi, lakini seli imekwisha kupoteza jeni ya RB1 inayosimamia mgawanyiko, imechukua utambulisho mpya, na karibu haitengenezi tena protini ya EGFR. Huyu ni mgonjwa mwenye swichi ileile, iliyoharibika vilevile, katika nyumba ambayo haitumii tena umeme, na hakuna ufunguo mpya, hata ukichongwa kwa ustadi gani, utakaofungua kitu hapo.

Wala si lazima jeni ibadilike ndipo seli iponyoke. Mwaka 2010 watafiti wa Boston walizikuza seli za saratani ya mapafu zenye hitilafu ya EGFR katika vyombo vya maabara na kuzimwagia dawa kwa kipimo kikubwa kupita kiasi cha kawaida. Karibu zote zilikufa ndani ya siku chache, isipokuwa takriban tatu katika kila elfu moja, ambazo zilibaki zimeshikilia sakafu ya chombo, tuli, bila kugawanyika. Dawa ilipoondolewa zikaanza kuzaana tena, na vizazi vyake vilipopewa dawa ileile vikafa kama mababu zao. Hazikuwa na hitilafu mpya iliyoweza kueleza uhai huo. Zilikuwa zimepanga upya namna ya kuisoma DNA yao kwa muda, kisha zikairudia hali ya awali. Kwa mgonjwa, seli tatu hizo ndizo ugonjwa utakaorudi, nazo haziko kwenye karatasi ya majibu ya maabara inayotaja jeni moja na dawa moja.

Mfano wa BRAF, protini ya jamii ya RAF iliyotajwa juu, unaifunga hoja hii kutoka upande mwingine. Hitilafu moja mahsusi ya BRAF, iliyo katika nafasi ya 600, hupatikana katika melanoma ya ngozi, katika saratani ya utumbo mpana na katika sehemu ndogo ya saratani za mapafu. Dawa ileile inayoizuia protini hiyo huunywesha uvimbe kwa takriban nusu ya wagonjwa wa melanoma, na kwa takriban asilimia 5 tu ya wagonjwa wa utumbo mpana. Sababu ilielezwa mwaka 2012: katika seli za utumbo, BRAF ikizibwa, lile zuio la kurudi nyuma lililokuwa likiinyamazisha EGFR huondoka, na EGFR, ambayo seli hizo zinayo kwa wingi ilhali seli za melanoma zinayo kwa uchache, huinuka na kuwasha upya kila kitu. Kama chanzo cha ugonjwa kingekuwa protini yenyewe, pasingekuwa na sababu ya kiungo inamokaa kuamua hatima ya dawa.

Watetezi wa nadharia ya swichi huwa na jibu moja kwa haya yote, kwamba ni suala la muda tu, na kwamba dawa bora zitakuja. KRAS ndiyo iliyokuwa mtihani wao. Kwa zaidi ya miaka 30 protini hiyo ilisemwa kuwa haiwezekani kuzuiwa kwa dawa, kwa kuwa hushikamana na molekyuli yake ya GTP kwa nguvu kubwa mno na uso wake hauna shimo la wazi la dawa kukaa, mpaka mwaka 2013 kundi la Kevan Shokat huko San Francisco lilipopata mfuko mdogo uliojificha katika KRAS yenye hitilafu ya G12C, hitilafu ambayo ni chapa ya moshi wa tumbaku. Ni kazi iliyostahili sifa zote ilizopewa. Dawa ya sotorasib iliidhinishwa mwaka 2021, na ilipolinganishwa na docetaxel, dawa ya zamani ya tibakemikali, ugonjwa ulisonga mbele baada ya miezi 5.6 kwa nusu ya waliopewa sotorasib na baada ya miezi 4.5 kwa nusu ya waliopewa docetaxel, huku urefu wa maisha wa makundi hayo mawili ukiwa sawa. Kilichotarajiwa kwa miongo mitatu kilitimizwa, swichi ikashikwa na kuzimwa, na faida yake ikawa takriban mwezi mmoja. Matokeo hayo hayawezi kulaumiwa kwa udhaifu wa wakemia, ambao walifanya kila walichoombwa.

Kinachofanya kazi zaidi, kwa upande mwingine, ni tiba inayoanza kwa kukubali kwamba adui hayuko peke yake. Osimertinib ikitolewa pamoja na tibakemikali, muda wa nusu ya wagonjwa kukaa bila ugonjwa kusonga mbele ulifika miezi 25.5, dhidi ya 16.7 kwa osimertinib pekee, na amivantamab, kingamwili iliyoundwa izishike EGFR na MET kwa pamoja, ikiunganishwa na lazertinib ilileta miezi 23.7 dhidi ya 16.6. Mafanikio haya hunukuliwa kama ushindi wa tiba lengwa, ilhali yamepatikana kwa kuliacha wazo la lengo moja.

Sehemu iliyo nzito kuliko zote, na ambayo nadharia inayotawala huigusa kwa uchache, ni ile ya kabla ya uvimbe. Mwaka 2023 watafiti wakiongozwa na Charles Swanton wa Taasisi ya Francis Crick, London, walichunguza sampuli 295 za tishu za mapafu zisizo na saratani, wakakuta hitilafu za EGFR zinazojulikana kuendesha saratani katika asilimia 18 ya sampuli hizo, na za KRAS katika asilimia 53. Swichi, kwa maneno mengine, zilikuwa zimekwama tayari katika mapafu yaliyokuwa yakipumua vizuri. Kilichozigeuza kuwa ugonjwa kilitafutwa kwa panya waliopandikiziwa hitilafu ya EGFR kisha wakavutishwa vumbi la hewa chafu, lile lenye chembe zisizozidi kipenyo cha mikromita 2.5, ambazo hupita pua na koo na kushuka hadi katika vifuko vya mwisho vya hewa. Huko chembe hizo humezwa na makrofaji, yaani seli za kinga zinazofagia mapafu, nazo makrofaji, kwa kushindwa kuziyeyusha, hutoa protini ya ishara iitwayo interlukini-1 beta, ambayo kazi yake ya kawaida ni kuitisha msaada na kuamsha ukarabati wa tishu. Seli jirani yenye hitilafu ya EGFR huupokea wito huo wa ukarabati, hurudi katika hali ya utoto ya seli zinazojenga mapafu, na kuanza kuzaana. Panya walipopewa kingamwili ya kuinyamazisha interlukini hiyo wakati wa kuvuta vumbi, uvimbe ulipungua. Hitilafu iliyokuwa imelala iliamshwa na neno lililotoka katika seli nyingine, seli isiyo na hitilafu yoyote, iliyokuwa ikifanya kazi yake.

Jambo hili halikuwa geni kabisa, kwani katika miaka ya 1940 Isaac Berenblum, huko Oxford, alionyesha kwa ngozi ya panya kwamba kemikali ya kuharibu chembe za urithi haitoshi kuleta uvimbe mpaka ifuatiwe na kitu cha kuiwasha ngozi, na alitumia mafuta ya krotoni. Lilisahauliwa kwa sababu jeni zilipoanza kusomeka zilivutia macho yote. Na kwa binadamu upo ushahidi unaoelekea hukohuko: katika jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2017, zaidi ya watu 10,000 waliowahi kupata shambulio la moyo walipewa ama canakinumab, kingamwili ya kuizuia interlukini-1 beta, ama sindano isiyo na dawa, na waliopewa kipimo cha juu cha dawa walipata saratani ya mapafu kwa kiwango cha takriban theluthi moja tu ya wenzao. Ni kweli kwamba dawa hiyohiyo ilipojaribiwa kwa watu ambao saratani ilikuwa imekwisha kukomaa haikuwasaidia, na wapo wanaolitumia hilo kuyatupa matokeo ya awali. Lakini hilo ndilo linalopaswa kutarajiwa ikiwa ishara hupata maana kwa wakati wake, kwa kuwa neno linaloamsha haliwezi tena kumlaza aliyekwisha kuamka.

Kutokana na hayo, orodha ya mambo ya kufanya hubadilika. Uvimbe unaorudi unapaswa kukatwa sampuli upya na kutazamwa kwa hadubini, si kusomwa jeni tu katika damu, kwa sababu saratani iliyogeuka kuwa ya seli ndogo hutambulika kwa sura yake kabla ya kutambulika kwa herufi zake. Majaribio ya dawa yanapaswa kuanza na michanganyiko pale inapowezekana, bila kusubiri dawa moja ishindwe kwanza kwa ajili ya usafi wa hoja. Na moshi unapaswa kurudishwa katikati ya maelezo ya kibiolojia, ukiwa ni mtoaji wa ishara kwa haki yake, na si sura ya mwisho ya ushauri nasaha inayosomwa haraka baada ya mambo ya jeni kwisha. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka hewa chafu ya nje katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 2013, na moshi wa kuni majumbani liliuweka katika kundi la vitu vinavyoelekea sana kusababisha saratani kwa binadamu. Shirika la Afya Duniani, tangu mwaka 2021, linashauri wastani wa mwaka wa chembe za mikromita 2.5 usizidi maikrogramu 5 katika mita moja ya ujazo ya hewa. Katika jiko la mafiga lililo ndani ya nyumba, lenye dirisha moja dogo na dari iliyokolea masizi, mama anayeinama kupuliza moto na mtoto aliyembeba mgongoni huvuta, kwa muda wa kuivisha maharage, hewa yenye chembe nyingi mara kadhaa kuliko kiwango hicho, na makrofaji za mapafu yao huanza kuzimeza chembe hizo kabla sufuria haijatokota.